Nani Amteue Mgombea: Mbulu na Hanang Tangu 1960

Mjadala wa wanachama kuhusu nani kati yao asimamishwe kugombea uongozi una historia ndefu katika nyanda za juu za Mbulu na maeneo yanayouzunguka mlima Hanang. Nchi hii ilikuwa wilaya moja wakati wa utawala wa Waingereza: Wilaya ya Mbulu. Baada ya uhuru Hanang ilitengwa na Mbulu, mwaka 1985 Babati ikatengwa na Hanang, na mwaka 2002 wilaya zote tatu zikatolewa Mkoa wa Arusha na kuingia katika Mkoa mpya wa Manyara. Wairaqw ndio wengi. Pamoja nao wapo Wadatoga, hasa Wabarbaig wa Hanang, Wagorowa wa Babati na Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Katika historia ya siasa za Tanzania eneo hili lina nafasi ya pekee, kwa kuwa hapa ndipo wapiga kura walipokataa kwa mara ya kwanza jina lililoteuliwa na chama na kumchagua wenyewe mtu wao.

Mabaraza kabla ya vyama

Kabla ya kura za siri, mambo ya watu wote yaliamuliwa kwa mazungumzo. Miongoni mwa Wairaqw wazee walikutana uwanjani, mara nyingi chini ya mti. Kila mwenye hoja aliitoa, nao waliendelea kuzungumza mpaka wakubaliane au mpaka upande mmoja unyamaze. Mwishoni mzee mmoja alitongoa slufay, maombi marefu ya kishairi, na waliokuwepo wakamwitikia. Wabarbaig walikuwa na getabaraku, mkutano wa wanaume wote wa eneo, ambao ulihukumu kesi nzito na kutoa maamuzi yaliyowafunga wote. Wanawake wao walikuwa na baraza lao, girgwageda gademga, lililokuwa na mamlaka ya kumtoza faini mwanamume aliyemdhulumu mwanamke. Mabaraza hayo hayakuhesabu kura. Nguvu ya neno ilitokana na hoja yenyewe na heshima ya msemaji.

Waingereza waliingiza utaratibu mwingine. Kwa kufuata utawala wa kupitia wenyeji, waliweka machifu wa Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe na Wabarbaig, na kuwapa kazi ya kukusanya kodi na kusimamia mahakama za wenyeji. Kwa njia hiyo uongozi ukawa cheo kinachotoka juu, ingawa watu waliendelea kukutana na kujadili mambo yao kama zamani. Mivutano ya baadaye kuhusu uteuzi wa wagombea ilitokana na desturi hizi mbili zilizokaa pamoja: mamlaka inayoshuka kutoka juu, na baraza linalotaka kusikilizwa.

Mbulu, Agosti 1960

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa Agosti 1960 ulikuwa wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 71, na chama cha TANU kilikuwa na nguvu kiasi kwamba wagombea 58 walipita bila kupingwa. Kura zilipigwa katika majimbo 13 tu. Aidha, si kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotajwa na sheria.

Mbulu lilikuwa miongoni mwa majimbo hayo 13. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Herman Elias Sarwatt, Mwiraqw na mwanachama wa TANU, aliamua kugombea bila kuteuliwa na chama. Kwa hiyo wapiga kura hawakuulizwa kama wanaitaka TANU au hawaitaki, maana wagombea wote wawili walikuwa wa TANU na wote walitaka uhuru. Walitakiwa kuamua ni yupi kati yao anayefaa kuisemea Mbulu, na kama uamuzi wa makao makuu ya chama unawafunga. Sarwatt alishinda. Kati ya viti 71, kiti cha Mbulu ndicho pekee ambacho mgombea rasmi wa TANU alikikosa. Sarwatt alipoingia barazani aliketi pamoja na wenzake wa TANU, hivyo chama hakikupoteza kura ya mtu hata mmoja.

Somo la Mbulu lilikuwa wazi. Mahali ambapo chama kimoja kinapendwa na karibu watu wote, kuteuliwa na chama ni sawa na kuchaguliwa, na wachache wanaokaa kwenye kikao cha uteuzi ndio wanaokuwa wapiga kura halisi. Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, aliikabili hoja hiyo katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Alisema kwamba kama taifa zima limo katika chama kimoja, basi mlango wa kugombea ufunguliwe kwa wanachama wote, na wananchi wapewe nafasi ya kuchagua mtu badala ya kuidhinisha jina.

Jembe na nyumba

Januari 1964 Nyerere aliunda tume chini ya Rashidi Kawawa kupendekeza namna ya kujenga demokrasia ndani ya chama kimoja. Mapendekezo yake yaliingizwa katika Katiba ya Muda ya mwaka 1965, na Septemba mwaka huo uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika katika majimbo 107 ya Tanzania Bara. Mwenye nia ya kugombea alianzia kwenye mkutano mkuu wa TANU wa wilaya, ambako wajumbe waliwapigia kura waombaji wote. Majina yalipelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ilirudisha wawili kwa kila jimbo, kwa kawaida wale waliopata kura nyingi zaidi. Wananchi wote, wanachama na wasio wanachama, waliamua kati ya hao wawili.

Kampeni zilikuwa na masharti makali. Wagombea wote wawili walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja na kuhutubia mkutano uleule ulioandaliwa na chama cha wilaya. Kutaja kabila, dini au rangi ili kupata kura kulikatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Nyerere anamuunga mkono. Hotuba zilitolewa kwa Kiswahili peke yake. Katika eneo ambalo Kiiraqw na Kidatoga si lugha za Kibantu wala hazisikilizani, sharti hilo lilikuwa na uzito mkubwa: mgombea alilazimika kuzungumza lugha isiyo ya upande wowote, na wasikilizaji wakalazimika kupima hoja zake kuliko ukoo wake.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Alama hizo zikawa hoja zenyewe. Katika majimbo mengi mwenye jembe aliwaambia watu kwamba hakuna chakula bila jembe, naye mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani. Matokeo yalionyesha kwamba wananchi waliutumia uhuru waliopewa. Wabunge wengi wa zamani walianguka, wakiwemo mawaziri, na mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Mfumo huo uliendelea mpaka mwaka 1990.

Urais haukuguswa na ushindani huo. Vikao vya juu vya TANU na vya chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, na baada ya vyama hivyo kuungana 5 Februari 1977 vya CCM, vilileta jina moja, na mwananchi aliliitikia kwa ndiyo au hapana. Hata Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, majina ya Ali Hassan Mwinyi, Salim Ahmed Salim na Kawawa yalipimwa ndani ya vikao. Mkutano Mkuu na taifa zima wakaletewa la Mwinyi peke yake.

Vyama vingi na mchujo

Vyama vingi vilirudi rasmi Julai 1992, na uchaguzi wa 1995 ulifungua ushindani wa urais ndani ya CCM. Utaratibu wake ulijengwa kwa ngazi. Mwanachama anachukua fomu na kuzunguka mikoani kutafuta wadhamini. Kamati Kuu inapitisha majina yasiyozidi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa inayapunguza kuwa matatu, na Mkutano Mkuu unapiga kura. Mshindi hutakiwa kuvuka nusu ya kura zote.

Julai 1995, Dodoma, wajumbe walikuwa na Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya akatoka, na raundi ya pili Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105, kwa hiyo rais wa awamu ya tatu aliamuliwa na wafuasi wa mgombea aliyetoka wa tatu.

Mwaka huohuo yaliyotokea Mbulu mwaka 1960 yalijirudia jirani yake. Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu kabla ya kuwa wilaya, ilifanya kura za maoni za CCM za ubunge. Padri wa zamani Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Mbulu, aliongoza, lakini vikao vya juu vikampitisha mbunge aliyekuwepo, Patrick Qorro. Sarwatt alikuwa na njia ya kugombea bila chama, ila Slaa hakuwa nayo, kwa kuwa marekebisho ya Katiba ya 1992 yanamtaka kila mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Slaa alihamia chama cha upinzani cha CHADEMA, akashinda, na akalishika jimbo hilo miaka 15. Mwaka 2010 aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA na kupata zaidi ya robo ya kura zote. Suala la mgombea binafsi lilipiganiwa mahakamani na Mchungaji Christopher Mtikila. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikaamua kinyume mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikasema Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki.

Sumaye na safari ya Dodoma

Hanang ilikuwa na mtu wake katika mbio za urais: Frederick Sumaye, aliyezaliwa Endasak mwaka 1950, mbunge wa jimbo hilo na Waziri Mkuu kwa miaka yote 10 ya Mkapa. Mwaka 2005 alikuwa mmoja wa wanachama 11 walioomba kuteuliwa na CCM. Kamati Kuu ilimpitisha kati ya watano pamoja na Kikwete, Salim Ahmed Salim, Mark Mwandosya na Abdallah Kigoda. Halmashauri Kuu ikawaacha Sumaye na Kigoda. Mei mwaka huo Mkutano Mkuu ulimpa Kikwete kura 1,072, Salim 476 na Mwandosya 122.

Matokeo hayo yaliongeza umuhimu wa kiti cha Halmashauri Kuu, kwa kuwa mjumbe wake ni miongoni mwa wanaotoa majina mawili kati ya matano. Mwaka 2012, wilaya zilipochagua wajumbe wake, Hanang ilishuhudia pambano kali kati ya Sumaye na Mary Nagu, mbunge aliyemrithi. Nagu alishinda, na Sumaye akalalamikia rushwa katika uchaguzi wa chama. Uchaguzi wa ngazi ya wilaya ulikuwa umegeuka hatua ya mapema ya safari ya Ikulu.

Mwaka 2015 waliochukua fomu CCM walikuwa 42, Sumaye akiwemo. Kila mmoja alitakiwa kuleta saini za wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Kwa mwanachama wa kawaida wa kijijini, saini hiyo na namba ya kadi yake ndiyo iliyokuwa sehemu yake nzima katika uteuzi wa rais. Majina ya Sumaye na Edward Lowassa yalikatwa mapema. Tano bora walikuwa Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali, na Julai Magufuli akashinda kwa kura 2,104 dhidi ya 253 za Amina na 59 za Migiro. Lowassa alihamia CHADEMA na kupewa tiketi ya urais, Sumaye akaufuata upinzani mwezi Agosti, naye Slaa, aliyepinga ujio wa Lowassa, akajiuzulu. Wanasiasa wawili wakubwa waliotoka nchi ya Wairaqw walipishana mlangoni kwa sababu ya uteuzi wa mtu mmoja. Sumaye alirudi CCM mwaka 2020.

Baada ya hapo ushindani wa urais ndani ya CCM ulisinyaa. Mwaka 2020 Magufuli alichukua fomu peke yake, na Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu uliofanyika Dodoma ulimpitisha Samia Suluhu Hassan bila mpinzani. CHADEMA mwaka 2020 ilipigisha kura kati ya Tundu Lissu, Lazaro Nyalandu na Maryrose Majige, na Lissu akashinda, lakini huko pia waliopiga kura walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu. Katika ubunge haki ya kuamua kati ya watu wa chama kimoja ilipanuka: kutoka jina moja mwaka 1960 hadi majina mawili mwaka 1965, na mwaka 2010 CCM iliruhusu wanachama wake wote kupiga kura za maoni. Katika urais neno la mwisho halijatoka mikononi mwa vikao. Wanachama wa Mbulu na Hanang hujadili wagombea kwa kina, huwadhamini na kuwachagua wajumbe wa kwenda Dodoma, na wajumbe hao ndio wanaopiga kura.