Upupu wa Pwani na Maradhi ya Kutetemeka

Katika vichaka vya Bagamoyo, ambako tangu dahari watu huukimbia upupu kwa muwasho wake mkali, mbegu za mmea huo huo zimehifadhi levodopa, dawa iwatulizayo wenye maradhi ya kutetemeka aliyoyaeleza tabibu James Parkinson, wa London, mwaka 1817. Nastaajabu kwamba protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo katika ubongo wenye afya husaidia seli kupelekeana habari, ndani ya mabonge aliyoyaona Friedrich Lewy katika ubongo wa wagonjwa hao mwaka 1912 hukutwa imeelemewa na fosfeti na kugandamana. Nahuzunika zaidi kwamba huko Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, wagonjwa wengi wa maradhi haya waliowakuta walikuwa hawajatambuliwa wala kutibiwa.