Mizimu ya Tsavo

Ni shida kuipata shule ya kale isiyo na hadithi ya mzimu. Kuta zikishachakaa na mabati yakaanza kulia kwa upepo wa usiku, wanafunzi wa zamani huwasimulia wageni habari za nyayo zinazosikika bwenini bila mwenyewe kuonekana. Nchi ya Taita ina misheni za siku nyingi, maana wamisionari walifika kilima cha Sagalla, karibu na Voi, mwaka 1883, na Bura mwaka 1892. Tena ina mapango ambamo wazee wa kale waliyahifadhi mafuvu ya wahenga wao kwa heshima. Si ajabu basi hadithi za namna hiyo zikistawi huko. Lakini mzimu mashuhuri kupita wote wa upande ule haukutokea shuleni. Ulitokea Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi, mwaka 1898, nao walioamini walikuwa watu wazima. Tuichunguze habari hiyo, kwani itatufundisha namna ya kuichunguza nyingine yoyote.

Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria ilianza kujengwa mwaka 1896. Mwezi wa Machi 1898 ilikuwa imefika mto Tsavo, na injinia John Henry Patterson akapewa kazi ya kujenga daraja. Mara watu wakaanza kutoweka usiku. Wafanya kazi walizungushia kambi zao maboma ya miiba, wakawasha mioto, wakapiga madebe. Haikufaa kitu. Patterson alipanda mtini na bunduki yake kukesha katika kambi moja, na usiku huo huo mtu akanyakuliwa katika kambi nyingine. Yakaenea maneno kwamba hawa si simba, bali ni roho za machifu wawili waliokufa, waliochukizwa na reli kupita katika nchi yao, wakavaa umbo la mnyama ili kuizuia.

Usiwacheke watu hao. Kila mmoja alijua simba wa kawaida huogopa moto na kelele. Walipomwona asiyeogopa, walitafuta sababu, nayo waliyoipata ililingana na jambo walilolijua vema: reli ilikuwa imeingia bila ya wenyeji kuombwa ruhusa. Mwanzoni mwa Desemba mamia ya vibarua walilisimamisha gari la moshi kwa kulala juu ya reli, wakalipanda, wakakimbilia pwani. Kazi ikasimama kwa muda wa majuma matatu hivi.

Tarehe 9 Desemba Patterson alimpiga simba wa kwanza, na siku ishirini baadaye akampiga wa pili. Wote wawili walikuwa madume wasio na manyoya ya shingo. Mizimu ikawa ngozi mbili, zikatandikwa sakafuni nyumbani kwa Patterson kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1924 zilipouzwa kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000. Ziko huko hata leo.

Kwa nini basi simba wale waliwageukia watu? Wataalamu waliopima mafuvu yao wametoa sababu kadhaa. Mmoja alikuwa na jino la mbele lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake, hata ikawa taabu kumkamata pundamlia. Tena, katika miaka ile ya 1890, maradhi ya sotoka yalikuwa yameangamiza ng'ombe na nyati kwa wingi. Na njia ya misafara ya watumwa ilipita huko zamani, ikiacha maiti nyuma. Yamkini simba walikwisha izoea nyama ya binadamu kabla ya reli kufika.

Hapo fumbo la kwanza limefumbuliwa, lakini lipo la pili, nalo ni zito zaidi. Je, walikufa watu wangapi? Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja Wahindi 28. Kuhusu Waafrika alisema tu kwamba walikuwa wengi, na kwamba hapakuwa na daftari la serikali lililowaandika. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba wale, wakakisia kwamba wawili hao walikula kiasi cha watu 35, mmoja akila zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Hata hivyo walikiri kwamba idadi hiyo yaweza kupungua sana, au kupanda mpaka 72. Tena kumbuka kwamba kipimo hicho huonyesha nyama iliyoliwa. Aliyeuawa kisha akaachwa porini hakionekani humo.

Angalia basi tofauti. Mhindi alikuja kwa mkataba wenye jina lake, akifa aliandikwa. Mwafrika aliyefanya kazi kando yake, akakatiza miiba ile ile na kulala katika hofu ile ile, hakuandikwa. Twajua urefu wa simba, tarehe ya kufa kwao na bei ya ngozi zao. Majina ya Waafrika wengi walioliwa nao hatukuachiwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukisimuliwa habari za mzimu wa bweni lenu, usikimbie wala usidharau. Uliza: nani aliona, lini, na nani aliandika? Fungua madaftari ya zamani ya shule, kayasome. Uwaendee na wazee, kwa kuwa vichwa vyao vimehifadhi mengi yasiyopata kutiwa wino, nawe una kalamu.