Okestra ya vibuyu: nani alikuwa kiongozi wa muziki wa Busoga?



Mwezi huu nataka tuongee historia ya hapa hapa tulipo, mashariki ya Uganda. Wengi wetu tunapita Bugembe tukienda Jinja mjini au tukielekea Iganga na Mbale. Tunaona barabara kubwa, maduka, bodaboda, basi. Lakini Bugembe ndiyo makao makuu ya ufalme wa Busoga, na Busoga ilikuwa na okestra zake zamani sana, kabla mtu yeyote hapa hajaona violini.

Okestra ni nini? Ni watu wengi wenye vyombo tofauti wanaopiga kitu kimoja. Huko Ulaya mbele yao anasimama kondakta (siyo yule wa taksi anayeita abiria!) mwenye kijiti mkononi. Busoga hakukuwa na kijiti. Kulikuwa na bigwala.

Bigwala ni tarumbeta za vibuyu. Zinakuwa tano au zaidi, kubwa na ndogo, na kila moja inatoa sauti moja tu. Mtu mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo, hata awe fundi namna gani. Chukua neno "tunakutana". Weka watu watano, wa kwanza aseme "tu", wa pili "na", wa tatu "ku", wa nne "ta", wa tano "na". Wakienda sawa unasikia neno. Wa tatu akichelewa, neno limeharibika. Bigwala iko hivyo. Kila mpigaji anasubiri zamu yake, zamu inakuja haraka sana, na wimbo unatokea katikati yao.

Sasa kiongozi ni nani hapo? Mmoja anaanza peke yake. Wengine wanaingia mmoja mmoja, halafu waimbaji, halafu wachezaji wanaozunguka wapigaji taratibu huku wakitikisa viuno na kuinua mikono. Ukiangalia kwa mbali unaweza kusema hakuna mkubwa. Lakini yule anayeanza ndiye anayejua wimbo wote, pamoja na sehemu za wenzake. Yeye pia anaachia nafasi. Angejaza kila mahali kwa sauti yake, wenzake wasingekuwa na pa kuingilia.

Busoga wana okestra nyingine inaitwa embaire. Ni marimba makubwa ya mbao, vipande vinalazwa juu ya migomba iliyokatwa, na chini yake wanaweza kuchimba shimo ili sauti itoke kwa nguvu. Chombo ni kimoja lakini wapigaji ni watano, sita, hata zaidi, wamekaa pande mbili wanaangaliana. Kijiji cha Nakibembe kinajulikana kwa embaire, na kikundi chake kilitoa albamu mwaka 2023 inayosikilizwa mpaka Ulaya. Hapo pia mmoja anaanza, wengine wanajaza mapengo.

Turudi kwa bigwala, juu historia yake inatuhusu sisi moja kwa moja.

Bigwala zilipigwa hasa kwenye mambo ya kifalme, kama kutawazwa na mazishi. Nyimbo zilieleza historia ya Wasoga na mfalme wao anayeitwa Kyabazinga, pia zilionya viongozi na kuongelea matatizo ya ndoa. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilileta katiba mpya iliyofuta falme zote za Uganda. Hakuna sheria iliyosema "msipige vibuyu". Hata hivyo, kama hakuna mfalme, hakuna kutawazwa. Kama hakuna sherehe, wazee wa bigwala wanaitwa wapi? Na kijana atajifunza kwa sababu gani kitu ambacho hakiitwi popote?

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na mwaka 1995 Henry Wako Muloki akarudi kwenye kiti cha Kyabazinga. Hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 25. Piga hesabu: mpigaji aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1967 alikuwa anakaribia 60. Kiti kilirudi, wapigaji walikuwa wamezeeka, na nyuma yao hakukuwa na watu.

Mwaka 2012 UNESCO iliweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wakati huo walihesabiwa mabingwa wanne tu, wote wazee, waliojua kutengeneza, kupiga na kucheza. Wanne! Na nimesema chombo kinahitaji watu watano. Yaani hata wangeitwa wote siku moja, wasingetosha seti moja.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. James Isabirye, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alikuwa mmoja wa waliosukuma kazi ya kufufua. Angeweza kurekodi wazee, kuweka kanda kwenye kabati na kusema tumeokoa. Lakini walifanya zaidi ya hapo, wakakutanisha wazee na vijana. Mzee James Lugolole, mmoja wa mabingwa wa mwisho, akawa mwalimu wao. Tena ilibidi kuanza na shamba, kwa sababu vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika. Watu walikuwa wameacha kupanda aina ile, na bila mbegu hakuna kibuyu, bila kibuyu hakuna sauti. Kwa hiyo kufundisha muziki kulikwenda pamoja na kupanda, kusubiri, kukausha, kukata na kuunganisha.

Kwa macho yangu, mzee Lugolole ndiye kiongozi wa okestra kwa maana yake kamili. Alikuwa anajua sauti zote tano, na kazi yake ikawa kuzigawa.

Wenzangu wa Kongo mtaniuliza, na kwetu je? Kwetu kuna mfano mkubwa: Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Alikuwa rubani, akapoteza ile kazi. Hakusoma chuo cha muziki. Alianza na watu wachache wa kanisani na violini zisizotosha, ikabidi wapokezane: huyu anajifunza dakika chache, anampa mwenzake. Waya wa violini ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Vyombo vingine walijifunza kutengeneza wenyewe. Aliyejua jana alimfundisha aliyekuja leo, wakafika watu wengi pamoja na kwaya, wanapiga mpaka Beethoven. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yao, Kinshasa Symphony, na mwaka 2014 wakaenda kupiga Uingereza.

Busoga walikuwa na ufalme na ujuzi wa karne, wakabaki wanne. Kinshasa walianza na upungufu wa kila kitu, wakajaza ukumbi. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye kufundishana. Vita na siasa vinaweza kukatisha kufundishana kimyakimya, bila mtu kuvunja hata chombo kimoja.

Sasa tuangalie vikundi vyetu. Kambini kwaya nyingi zinamtegemea mtu mmoja. Yeye ndiye anapiga kinanda, anatunga, anajua sauti ya kwanza mpaka ya nne, anashika na ufunguo wa kabati. Siku anapata safari ya kuhamia nchi nyingine, tunamfanyia sherehe, tunalia, basi la IOM linaondoka. Baada ya miezi mitatu kwaya haipo. Vyombo bado viko. Tunasema "shirika limetuacha". Hapana. Tulikuwa na bingwa mmoja na mwanafunzi sifuri.

Kwa viongozi wa vikundi: usisubiri jina lako litoke kwenye ubao. Chagua wawili leo, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waanze kujua unachojua wewe. Waachie waanzishe wimbo hata kama watakosea mbele za watu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: asante kwa spika na ngoma. Mkija tena, kabla ya kuandika hesabu ya vyombo, muulize nani anamfundisha nani. Mkiwa na pesa kidogo, mlipieni mzee nauli aje kukaa na vijana kila wiki. Hiyo inadumu kuliko spika.

Na wewe mdogo wangu ambaye bibi yako anajua nyimbo za kijiji mlichokimbia, hapo nyumbani una bingwa ambaye hayuko kwenye orodha yoyote. Usimrekodi tu kwenye simu, simu inaibiwa. Kaa chini, mwambie aanze, halafu uingie pale anapokuachia.