Kambi za Msafara wa Unyamwezi: Kutoka Mzigo wa Mpagazi hadi Gari na Trela

Msomaji akiambiwa habari za watu waliofunga trela dogo nyuma ya Landrova kuukuu, wakapakia hema, masufuria na pipa la maji, kisha wakaenda kulala porini kwa siku kadhaa, huenda akadhani kuwa jambo hilo ni la kigeni, ni starehe ya wageni kutoka Ulaya na Marekani. Sisi hatuoni hivyo. Ufundi wa kulala njiani, wa kuchagua mahali pa kutua, kupima maji na posho, na kuondoka alfajiri pasipo kuacha kitu, ulikuwa umekomaa katika nchi yetu kabla gari la kwanza halijaundwa popote duniani. Mabingwa wake walikuwa wapagazi wa Unyamwezi, na chuo chao kilikuwa ile njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, na kuendelea hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika.

Njia hiyo haikufunguliwa na watu wa pwani peke yao. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, na kurudi kwao na nguo, shanga na waya wa shaba. Waarabu na Waswahili walipoweka makao yao Kaze, katika nchi ya Unyanyembe ambapo mji wa Tabora umekua, walijenga penye njia panda: huku barabara ya Ujiji, huku ya Karagwe na Buganda. Burton na Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kaze tarehe 7 Novemba. Muda huo mrefu wa miezi minne na zaidi waliupitisha wakitembea mchana na kulala kambini usiku, wala hawakuwa wao waliojua kambi hujengwaje.

Basi kambi ilikuwaje? Msafara ulipokaribia kituo, aliyetangulia ni kirangozi, mwenye bendera na mavazi ya kumtambulisha, na hapana mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Baragumu na ngoma viliwapa habari walio nyuma. Mizigo ilipotuliwa, kazi iligawanyika bila amri nyingi. Wengine walikata miti na majani wakajenga vibanda vya mviringo, wengine walikata miiba kwa ajili ya boma, wengine walikwenda kuteka maji, na wanawake waliofuatana na msafara, ambao vitabu vingi vimewasahau, walitafuta mafiga na kubandika vyungu. Wapagazi walikula kwa vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake na moto wake. Mtu akiugua, kikundi chake ndicho kilichomtazama. Mizigo ya tajiri iliwekwa pamoja mahali pa kulindwa, na mnyapara, yaani mkubwa wa wapagazi, aliihesabu.

Mara nyingi msafara ulikuta kambi iliyojengwa na wenzao waliotangulia, vibanda vikiwa bado vimesimama. Hapo palitakiwa busara. Kibanda cha zamani kiliokoa kazi ya saa mbili, lakini aghalabu kilikuwa na papasi ambao kuumwa kwao huleta homa, na huenda waliolala humo kabla walikuwa na ndui. Moto nao ulikuwa adui wa kambi za majani. Cheche moja wakati wa kiangazi ilitosha kuteketeza vibanda vyote pamoja na nguo zilizobebwa kutoka pwani.

Jambo lililotawala mwendo kupita yote lilikuwa maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na jina hilo linajieleza. Palipokuwa na masafa marefu bila kisima, msafara haukutembea asubuhi kama kawaida. Watu walipika, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakatembea hadi jioni, wakalala bila maji, na kesho yake asubuhi wakawahi kisima kabla jua halijawa kali. Mwendo huo waliuita terekeza. Kwa njia hiyo kiu ya siku moja iligawanywa katika vipande viwili, na usiku wa baridi ukawekwa katikati. Hatujui hesabu ya safari iliyo nzuri kuliko hiyo, na waliyoibuni hawakuwa na ramani wala saa.

Swali ambalo wanafunzi huliuliza, na ni swali la haki, ni hili: kwa nini mizigo yote hiyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu? Kwa nini hapakuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama kusini mwa Afrika? Jibu ni mbung'o. Miombo ya magharibi na pori la pwani vilijaa mbung'o, na ng'ombe, farasi na punda waliopitishwa humo walikufa kwa nagana. Wageni hawakukubali neno hilo upesi. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo na kigari kidogo alichokiunda kwa ajili ya vijia vyembamba vya Afrika. Gari hilo lilimchosha kila aliyekabidhiwa, hata siku moja mpagazi mmoja mwenye nguvu alionekana amelitwika zima kichwani, magurudumu na mhimili wake, kwa kuwa aliona kulibeba ni rahisi kuliko kulikokota. Huyo, kwa maoni yetu, ndiye mtu wa kwanza wa njia hii kutoa hukumu juu ya trela.

Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu tena. Mwaka 1876 Roger Price alipeleka ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona wamevuka salama, akapendekeza magari ya ng'ombe. Mwaka uliofuata magari yalikuja, na ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta ndovu wanne wa Bara Hindi, wakashushwa karibu na Dar es Salaam ili wabebe mizigo hadi Karema. Wengi wao walikufa njiani. Baada ya majaribio yote hayo mzigo ulirudi palepale ulipotoka, begani mwa Mnyamwezi: frasila mbili hivi, yaani kilo 32, mbali na kibuyu, mkeka, chungu na silaha yake mwenyewe.

Hapa hatuna budi kusema jambo bila kificho. Njia hii ilikuwa pia njia ya utumwa. Palikuwa na watu waliotembea wamefungwa, na kambi ileile iliyokuwa na nyimbo upande mmoja ilikuwa na minyororo upande wa pili. Lakini ni kosa kubwa, na tumelisikia hata madarasani, kumwita kila mpagazi mtumwa. Wanyamwezi walio wengi walikwenda kwa ujira. Walipatana kabla ya kuondoka, walidai posho yao ya kila siku, na aghalabu walisafiri kiangazi ili warudi kulima mvua zikianza. Tajiri aliyevunja mapatano alikuta kambi imegoma, mizigo imelala chini, na kirangozi amekaa chini ya mti. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya "ukaidi" na "utoro" wa wapagazi. Msomaji akiyasoma malalamiko hayo upande wa pili, ataona wafanyakazi wanaojua thamani ya kazi yao.

Ushahidi mkubwa wa ufundi na moyo wao ulionekana mwaka 1873. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Mbele kidogo wakasikia kwamba wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite. Basi wakajifanya wanairudisha Unyanyembe kuizika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la kawaida la nguo. Mzigo huo ulilala kambi baada ya kambi pamoja na mizigo mingine, na ukafika Bagamoyo Februari 1874. Wazungu waliofuatana nao kutoka Tabora hawakufika wote, maana mmoja alijiua njiani. Kambi za safari ile zilisimamiwa na Waafrika.

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya upagazi wa masafa marefu ikavunjika. Upagazi wenyewe haukufa. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwarudisha watu chini ya mzigo, safari hii kwa kulazimishwa, na Tabora ilipotekwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916 wachukuzi walikuwa wamekwisha kufa kwa wingi pande zote. Hayo tunayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanastahili insha yake.

Gari lilikuja polepole. Mjerumani Paul Graetz alitoka Dar es Salaam mwaka 1907 kwa motokaa akafika Swakopmund mwaka 1909, na mwendo huo wa karibu miaka miwili unatosha kutueleza barabara zilivyokuwa. Mwaka 1948 Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Miaka hiyohiyo mashine nzito ziling'oa miti huko Urambo, iliyokuwa makao ya Mirambo, kwa ajili ya mpango wa karanga uliokufa mwaka 1951. Mpango ulikwisha, lakini Landrova ilibaki. Baada ya Uhuru ndiyo iliyowabeba wapima ardhi, matabibu na mabwana shamba kwenda mahali pasipo na nyumba ya wageni, na nyuma yake mara nyingi palikuwa na trela.

Tupige hesabu. Trela la nusu tani huchukua mzigo wa wapagazi 15 au 16. Ndani yake hupangwa vilevile vilivyopangwa zamani: hema badala ya kibanda, pipa badala ya vibuyu, gunia la unga, chungu kilichogeuka sufuria, na debe la petroli ambalo ndilo posho ya gari. Dereva mwenye akili huweka vitu vizito chini na karibu na mhimili, kama mpagazi alivyofunga robota lake lisiyumbe. Naye huchunga udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hushika magurudumu, na trela huwa nanga. Hapo abiria hushuka, trela hufunguliwa, na mzigo hurudi mabegani hadi ng'ambo. Yule mpagazi wa Stanley asingeshangaa.

Barabara ya lami sasa inafika Tabora kutoka Manyoni, na Mgunda Mkali huvukwa kwa saa chache. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hii katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Majengo ya mawe na udongo huorodheshwa kwa urahisi. Kambi za majani zilioza, na zilizobaki ni dalili tu, kama miembe mikubwa iliyo kando ya njia, na maneno. Posho, mnyapara, kirangozi na hongo, ambayo zamani ilikuwa ushuru wa kupita nchi ya mtu na leo ni rushwa, yote yalizungushwa bara na misafara.

Na wako watu ambao hawajaacha. Warina asali wa Tabora, msimu ukifika, hufunga unga, sufuria na ndoo juu ya baiskeli, wakaingia miombo kwa majuma kadhaa. Huchagua mahali penye maji na kivuli, hujenga kibanda cha miti na majani, huweka mafiga, na jioni hugawana kazi, huyu kuni, huyu maji, huyu moto. Mahali hapo hupaita kambi.