Nyusi za Darwin, Vielezi vya Tom Swift
Mimi ni mhariri wa hadithi, na nyusi zilizoinuliwa nimezifuta nyingi. Lakini zina ukoo mrefu. Mwaka 1867 Charles Darwin alisambaza orodha ya maswali kwa wamisionari na wengineo waliokaa ng'ambo. Swali la kwanza kabisa: je, mtu akistaajabu hukodoa macho, huachama, huinua nyusi? Majibu yao aliyatumia katika kitabu chake cha 1872. Vielezi vya mshangao navyo vina ukoo. Kuanzia 1910, vitabu vya vijana vya Tom Swift, vilivyobuniwa na Edward Stratemeyer huko Marekani, vikazidisha chumvi: mtu haulizi tu, huuliza kwa udadisi, kwa shauku, kwa mshangao. Miaka ya 1960 Wamarekani waligeuza vielezi hivyo kuwa mchezo wa utani. Vilistahili kutaniwa, nadhani.