Kiingereza cha Fizikia kwa Wanafunzi wa Ukraine: Historia ya Istilahi na Sarufi

Mwanafunzi wa fizikia wa Ukraine aanzapo kujifunza Kiingereza cha elimu yake, mtu wa nje aweza kudhani kwamba ana kazi nyepesi. Maneno mengi makuu humfikia kama jamaa wa zamani: kwa Kiukraine atomi ni *atom*, elektroni ni *elektron*, tungamo ni *masa*, nishati ni *enerhiia*, na sikio halikosi kuyatambua katika Kiingereza, maana yote yalitoka katika Kiyunani na Kilatini yakaenea Ulaya nzima. Walakini neno geni kabisa halimpotezi mtu, kwa kuwa hulitafuta katika kamusi. Limpotezalo ni lile lifananalo na la kwao. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba makosa ya mwanafunzi huyu si ya ovyo ovyo, bali ni nyayo za lugha zilizomfundisha fizikia kabla ya Kiingereza. Na kwamba mwenye kuzisoma nyayo hizo apata somo juu ya istilahi za lugha yo yote, Kiswahili kikiwamo.

Yafaa tuanze na karne ya kumi na tisa, wakati nchi ya Waukraine ilipokuwa imegawanyika kati ya dola mbili. Katika dola ya Urusi, waraka wa waziri Valuev wa mwaka 1863 ulizuia vitabu vya dini na vya mafundisho kwa Kiukraine, na amri ya mfalme Alexander wa Pili, iliyotolewa Bad Ems mwaka 1876, ikakaza marufuku hiyo na kukataza hata kuingiza vitabu kutoka nje. Elimu ya sayansi basi haikuweza kuandikwa huko kwa lugha ya wenyeji mpaka marufuku ilipolegea mwaka 1905. Katika dola ya Austria mambo yalikuwa mepesi zaidi. Huko Lviv kulianzishwa mwaka 1873 Chama cha Shevchenko, ambacho mwaka 1892 kiligeuzwa kuwa chama cha wataalamu. Na tangu miaka ya 1890 Volodymyr Levytsky, mtaalamu wa hesabu na fizikia, alikusanya na kuchapisha istilahi za fizikia kwa Kiukraine.

Mtu mwingine wa zama hizo astahiliye kutajwa ni Ivan Puluj, aliyezaliwa mwaka 1845 akafa mwaka 1918. Alisoma Vienna, akapata udaktari wake Strasbourg, kisha akawa profesa katika chuo cha ufundi cha Kijerumani cha Prague, akajulikana kwa uchunguzi wa mianga ya kathodi. Kazi zake za kitaalamu ziliandikwa kwa Kijerumani. Lakini mtu huyo huyo alishiriki katika kukamilisha tafsiri ya Biblia kwa Kiukraine, iliyotolewa mwaka 1903, na tena aliwaandikia wasomaji wa kawaida juu ya nyota na juu ya sheria ya kudumu kwa nishati. Kitabu chake juu ya sheria hiyo alikiita *Nepropashcha syla*, yaani nguvu isiyopotea. Jina hilo lafaa kuangaliwa. Siku hizi neno *syla* katika fizikia ni kani, na nishati ni *enerhiia*. Lakini wakati ule neno la kawaida lilibeba yote mawili, kama vile neno la Kijerumani *Kraft* lilivyoyabeba katika andiko mashuhuri la Helmholtz la mwaka 1847. Kwetu pia neno «nguvu» lilikuwa na mzigo huo, hata ilipobidi kulipunguzia kwa kuweka «kani» upande mmoja na «nishati» upande wa pili.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia kazi ilihamia Kyiv. Mwaka 1921 iliundwa, chini ya Akademia ya Sayansi, Taasisi ya Lugha ya Kisayansi ya Kiukraine, nayo ikatoa kamusi za istilahi za elimu nyingi. Wataalamu wake hawakutosheka na kutafuta majina ya vitu. Walishughulika pia na sarufi ya istilahi. Kitenzi cha Kiukraine chaonyesha kama tendo laendelea au limekwisha, na wataalamu hao walitaka tofauti hiyo idumu hata katika nomino itokayo kwa kitenzi: *vymiriuvannia* liwe jina la kupima kunakoendelea, na *vymiriannia* liwe jina la kupima kulikotimia. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana naye hutofautisha upimaji na kipimo. Kiingereza chatumia neno moja, «measurement», kwa tendo na kwa tokeo lake.

Kazi hiyo haikuachwa ikomae. Mwaka 1930 taasisi ilivunjwa. Kamusi ya istilahi za fizikia ilipata kuchapishwa mwaka 1932, lakini mwaka uliofuata kampeni ya kisiasa iliwashambulia wanaisimu kwa kosa la utaifa. Tahajia ya mwaka 1928 ikabadilishwa, na herufi moja ya alfabeti ikafutwa, isirudishwe mpaka 1990. Mwaka 1934 na 1935 zilitolewa orodha rasmi zilizoondoa istilahi nyingi za zamani na kuweka mahali pake zile zilizokaribia Kirusi. Hivyo neno la fizikia halikuchaguliwa tena kwa kufaa kwake, bali kwa ujirani wake.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo fizikia yenyewe ilistawi sana. Taasisi ya Fizikia na Ufundi ya Kharkiv iliundwa mwaka 1928. Kirill Sinelnikov, mmoja wa wataalamu wake, alikuwa amefanya kazi Cambridge katika maabara ya Cavendish. Na mnamo Oktoba 1932 yeye na wenzake walipasua kiini cha lithi kwa protoni, miezi michache baada ya Cockcroft na Walton kufanya hivyo Cambridge. Mwaka huo huo wa 1932 Lev Landau alifika Kharkiv kuongoza idara ya nadharia, na jarida lilianzishwa huko la kupeleka matokeo ya wanafizikia wa Muungano wa Kisovieti kwa wasomaji wa nje. Jarida hilo lilikuwa na jina la Kijerumani, na makala yake yalikuwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Kiukraine hakikuwamo. Mwaka 1937 ukandamizaji uliifikia taasisi: Lev Shubnikov, bingwa wa fizikia ya baridi kali, aliuawa, na Landau alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Moscow.

Baada ya vita vya pili mwanafunzi wa fizikia alilazimika kujua Kiingereza cha kusoma, si cha kuandika. Katika vyuo vya Kisovieti alipewa makala ya kigeni ayafasiri, na kazi yake ikahesabiwa kwa maelfu ya herufi zilizopigwa chapa. Wanafunzi wenyewe walisema kwamba wanakwenda «kutoa maelfu». Kuandika kwa Kiingereza hakukumlazimu, kwa sababu tangu mwaka 1955 Taasisi ya Fizikia ya Marekani ilikuwa ikifasiri majarida makuu ya Kisovieti. Ni kweli kwamba mwaka 1956 lilianzishwa Kyiv jarida la fizikia la Kiukraine. Lakini elimu ya juu ya fizikia ilizidi kwenda kwa Kirusi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1991, hali iligeuka ghafula. Jarida la fizikia lililoanzishwa Lviv mwaka 1993 lilitolewa kwa Kiingereza. Mtu aliyefunzwa kusoma sasa alitakiwa kuandika.

Hapo ndipo nyayo zilipodhihirika. Kwa Kiukraine *impuls* ni zao la tungamo na kasi, kama ilivyo kwa Kijerumani na kwa Kirusi. Kiingereza huliita zao hilo «momentum», na «impulse» yao ni badiliko la zao hilo, yaani kani mara muda. Neno *moment* la Kiukraine nalo hutumika kwa kani izungushayo kitu. Mwanafunzi afasiriye sauti kwa sauti ataandika jambo jingine kabisa, na hali hesabu zake ni sahihi. Tena neno *shvydkist* lina maana ya kasi tupu na pia ya kasi yenye mwelekeo, ambazo Kiingereza huzitenga kwa maneno mawili, «speed» na «velocity». Hata alama zina asili yake: mwanafunzi huandika *tg* pale Mwingereza aandikapo *tan*, na hutenga desimali kwa mkato pale Mwingereza awekapo nukta.

Katika sarufi ugumu mkubwa ni vile vijineno viwili vya Kiingereza, «a» na «the», ambavyo Kiukraine hakina, na Kiswahili pia hakina. Lakini kukosa vijineno si kukosa maana. Mwukraine huonyesha lijulikanalo na lililo jipya kwa mpango wa maneno: lijulikanalo hutangulia, jipya hufuata. Nasi twasema «Mwanafunzi aliingia chumbani» tukimjua mwanafunzi, na «Chumbani mliingia mwanafunzi» tukimleta kwa mara ya kwanza. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wake kwamba lugha yake haina jambo hili humnyima ngazi aliyo nayo. Afadhali amwulize: kwa lugha yako, chembe hii ungeiweka mwanzo wa sentensi au mwisho? Jibu lake kwa kawaida litamwonyesha kijineno kifaacho.

Swali hili si la darasani tu. Mwezi Machi 2022 taasisi ya Kharkiv ilipigwa kwa makombora ya Urusi, na wanafizikia wengi wa nchi hiyo wametawanyika katika vyuo vya kigeni. Mwezi Juni 2024 bunge la Ukraine lilipitisha sheria ya kukipa Kiingereza nafasi rasmi kama lugha ya mawasiliano ya kimataifa. Haja yake haikanushiki. Lakini historia yatuonya kwamba istilahi za kwao zilikwisha kufinyangwa mara moja zifanane na za jirani, na hasara haikuwa ya fahari peke yake: lilipotea pia jiwe la mizani ambalo kwalo mwanafunzi hupima neno la kigeni. Ajuaye vema tofauti ya tendo liendeleayo na tendo lililotimia katika lugha yake, huyo ataiuliza «measurement» maana yake kabla ya kuitumia.

Nasi tunayo *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya mwaka 1990, na bado fizikia katika shule za sekondari za Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Si lazima mambo hayo mawili yagombane. Kani na nishati zifundishwe pamoja na wenzao wa Kiingereza, kila jozi ikiwa na maelezo ya wazi ya mahali maana zinapokutana na mahali zinapoachana. Orodha ya maneno yaliyopangwa safu mbili haitoshi. Kwa *impuls* na «impulse», orodha kama hiyo ingemdanganya msomaji wake.