Waarabu na Wamanyema wa Tabora: Jamii Mbili za Njia Moja

Historia ya Tabora aghalabu hufundishwa mashuleni kama historia ya njia. Mwanafunzi huambiwa kwamba misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika: mingine ikaenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, mingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Hayo ni kweli. Lakini njia hiyo ilipitisha pia watu, na wengi wao hawakurudi walikotoka. Katika insha hii tunakusudia kulinganisha hali ya uchumi na ya jamii ya makundi mawili ya watu hao, yaani Waarabu wenye asili ya Omani na Wamanyema wenye asili ya Kongo ya mashariki. Wote walikuwa wageni katika nchi ya Wanyamwezi. Wote walifuata njia ile ile, wa kwanza wakitokea mashariki na wa pili magharibi. Wote kwa kawaida ni Waislamu, na Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani mwao. Hata mitaa waliyokaa ilichanganya watu. Ng'ambo, mtaa wa kale wa Tabora, una jina la Kiswahili cha pwani, kama ile Ng'ambo ya Unguja, nalo ni dalili ya jinsi maneno yalivyosafiri pamoja na mizigo. Basi watu waliofanana kiasi hicho walipataje kutengana katika mali na heshima?

Tuanze na Waarabu. Richard Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya siku hizo, mwezi Novemba 1857, alipokewa na tajiri wa Kiomani, Snay bin Amir. Burton aliandika kwamba Waarabu waliokaa hapo hawakuzidi 25 kwa kawaida, na majira ya safari walibaki watatu au wanne tu. Msomaji aliyezoea kusikia habari za "Waarabu wa Tabora" kana kwamba walikuwa jeshi zima huenda akashangaa. Watu hao wachache waliishi kwa idhini ya mtemi wa Unyanyembe, wakajenga tembe zenye kuta nene na nyua za ndani, wakalima mpunga, ngano na vitunguu, wakapanda miembe. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na ndoa hiyo ilimfungulia milango ambayo bunduki isingeifungua. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alidai ushuru kwa wafanyabiashara hao. Vita vikazuka, Snay bin Amir akauawa, na Waarabu wakamsaidia Mkasiwa kukalia kiti. Toka hapo waliingia mno katika siasa za nchi, na ndiyo sababu Mirambo alipowafungia njia mwaka 1871 walipata hasara kubwa.

Wamanyema nao walifika kwa namna nyingine. Jina lao lenyewe latufundisha jambo. Huko magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika bonde la mto Lualaba, hapakuwa na kabila moja lililojiita Wamanyema. Palikuwa na Wabangubangu, Wakusu, Wazimba, Wagenya na wengineo, kila mmoja na lugha yake na wazee wake. Biashara ya pembe na ya watumwa ilipofika Nyangwe na Kasongo, nchi hizo zilivurugika. David Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipowapiga risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Wengine walitekwa wakaletwa mashariki. Wengine walijiunga kwa hiari na mabwana wa misafara kama wapagazi na wapiganaji. Wanawake wengi wakafanywa masuria. Baada ya vita vya Wabelgiji na Waarabu huko Kongo, kati ya 1892 na 1894, wakimbizi nao waliongezeka. Walipofika Ujiji na Tabora watu hawa wa makabila mengi walipewa jina moja, nao wakalishika. Umanyema, kwa maana hiyo, ulizaliwa njiani.

Lakini je, Uarabu wa Tabora haukuzaliwa njiani vilevile? Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru, na hufuata nasaba ya baba. Kwa hiyo binti aliyetekwa Manyema akazaa na Mwomani, watoto wake ni Waarabu. Ndugu yake wa tumbo moja, akaolewa na mpagazi wa kwao, watoto wake ni Wamanyema. Mabibi ni wa ukoo mmoja, wajukuu ni wa majina mawili. Wengine walikuwa wajukuu wa Kinyamwezi kwa upande wa mama, nao waliwaita Wanyamwezi wajomba bila kuona ajabu. Walimu wanaofundisha historia ya "jamii" kana kwamba ni masanduku yaliyofungwa hawana budi kulitazama jambo hili kwa makini, kwa maana ndipo ulinganisho wetu unapokuwa mgumu, na ndipo unapokuwa na faida.

Tofauti ya kwanza iliyo wazi ni ya mali kauli. Tajiri wa Kiarabu wa Tabora hakuwa na fedha yake mwenyewe kwa kiasi tunachodhani. Shehena ya nguo, shanga, waya na baruti aliipata kwa mkopo kutoka kwa Wahindi wa Unguja, naye aliahidi kulipa kwa pembe atakaporejea. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan. Kukopeshwa kulihitaji kujulikana: jina la baba, ndugu wa kudhamini, shamba la minazi au la mikarafuu la kuweka rehani. Mmanyema hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Aliweza kuwa hodari wa njia kuliko bwana wake, akajua bei ya pembe Kasongo na Ujiji, hata hivyo jina lake halikuingia katika daftari la Unguja. Alilipwa doti za nguo, au alipewa chakula na ulinzi tu. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa watu wengi hueleza utajiri wa wale na ufukara wa hawa kwa tabia zao, eti huyu ana akili ya biashara na yule hana. Daftari laonyesha vingine.

Na mkopo huo huo uliowainua Waarabu ndio uliowaangusha. Mwaka 1890 walikubaliana na Emin Pasha, na bendera ya Wajerumani ikapandishwa Tabora. Mtemi Isike alipigana nao hadi kufa kwake mwezi Januari 1893. Pembe zilikuwa zimepungua, Kongo ilikuwa mkononi mwa Wabelgiji, na utumwa, uliolima mashamba yao, ulianza kufa polepole. Wajerumani hawakuufuta kwa mara moja. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Kisha reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya mamia ya wapagazi. Pamoja na reli walikuja wenye maduka wa Kihindi walioagiza bidhaa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, na Mwarabu aliyekuwa tajiri wa jumla akajikuta mchuuzi wa rejareja. Wengi walihamia vijijini kufungua vijiduka vya chumvi, kaniki na mafuta ya taa. Washihiri waliokuja baadaye kutoka Hadhramaut walianzia hapo hapo chini, wala hawakuwahi kuuona utajiri wa misafara.

Kwa hiyo katika miaka ya 1920 tofauti ya mali kati ya Mwarabu wa kawaida na Mmanyema wa mjini haikuwa kubwa kama ilivyokuwa miaka hamsini kabla. Wamanyema walipata kazi relini, wakawa mafundi wa kushona na wa kujenga, wakauza sokoni mawese na dagaa vilivyoletwa kutoka Kigoma. Sheria ya mwaka 1922 iliyoukomesha utumwa katika Tanganyika iliwaondolea wengine aibu ya mwisho. Ingetazamiwa basi kwamba jamii hizi mbili zingekaribiana na kuwa moja. Haikuwa hivyo, na lawama kubwa yaiangukia serikali ya Mwingereza.

Serikali hiyo iliwagawa watu wote kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji". Mswahili alihesabiwa mwenyeji, na Mmanyema pamoja naye. Mwarabu hakuhesabiwa, hata kama mama yake na bibi zake wote walikuwa wa Unyanyembe. Mwenyeji alilipa kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwenyeji alizuiwa kukopeshwa na mfanyabiashara ila kwa idhini, na serikali ilisema kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda asidhulumiwe. Ulinzi wa namna hiyo ulimfunga mikono. Bila mkopo mtu hawezi kujaza duka, na bila duka lililojaa hawezi kushindana na jirani yake anayekopeshwa Uhindini. Hivyo lile daftari la Unguja, lililomwacha Mmanyema nje kwa desturi, sasa lilimwacha nje kwa sheria. Vijana wawili wa mtaa mmoja, wenye bibi mmoja labda, mmoja aliweza kuchukua gunia kumi za sukari kwa neno lake tu. Mwingine alitakiwa kulipa taslimu.

Palikuwa na tatizo jingine lililowahusu Wamanyema peke yao. Kuanzia mwaka 1926 Mwingereza alitawala wenyeji kwa kupitia watemi wao. Mnyamwezi alikuwa na mtemi wake Unyanyembe. Mmanyema hakuwa na mtemi popote. Alikuwa mwenyeji katika kodi lakini mgeni katika ardhi. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa watoto wa watemi, na asiye na mtemi hana mwana wa mtemi wa kumpeleka. Shule nyingine nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu waliziogopa. Waarabu hawakuneemeka zaidi katika elimu: shule za Wahindi zilifundisha kwa Kigujarati, na za Waafrika hazikuwa zao. Jamii zote mbili zilibaki na chuo cha Kurani, wakasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huku ofisi zikitaka herufi za Kirumi. Katika elimu, tuseme, walikuwa maskini sawasawa.

Msikitini mambo yalikuwa tofauti. Tarika ya Kadiria ilienea Ujiji na Tabora tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, nayo iliwavuta sana watu waliokuwa watumwa au wana wa watumwa. Katika zikiri hakuulizwa mtu nasaba yake, na mtu asiye na ukoo wa kujivunia aliweza kupata ijaza na kuwa khalifa. Waomani wengi walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi na hawakuwa na shauku ya kumhubiri mtu. Uislamu wa Tabora kwa sehemu kubwa ulipanuliwa na Waafrika wenyewe, na Wamanyema walikuwa na mchango mkubwa. Jambo hili halijaandikwa ipasavyo katika vitabu vya shule.

Ugawaji wa rangi ulifikia kilele chake katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ni katika mji huu huu wa Tabora, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulipokata shauri, kwa ushawishi wa Julius Nyerere, kuingia katika uchaguzi huo badala ya kuususia. Shauri hilo huitwa Uamuzi wa Busara. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 uraia ulifunguliwa kwa wote, na mwaka 1963 TANU ikawapokea wanachama wa asili zote. Watemi waliondolewa mwaka huo huo, hivyo Mmanyema asiye na mtemi akawa sawa na kila mtu. Azimio la Arusha la 1967 na Operesheni Maduka ya 1976 viliwagusa zaidi wenye maduka, na Waarabu wa vijijini walikuwa miongoni mwao. Baadhi walirudi mjini. Baadhi walinunua malori.

Tofauti moja ilibaki, nayo ilionekana wazi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Omani mwaka 1970. Nchi hiyo ilihitaji watu waliosoma, ikawaita wana wa waliohamia Afrika ya Mashariki. Wa bara nao walikwenda, miongoni mwao familia za Tabora, na ndugu waliobaki walipata mtu wa kuwatumia fedha. Mmanyema hakuwa na nchi ya kumwita. Kongo ya mashariki, kwao kwa asili, ilitoa wakimbizi, na jamaa zake wengine walikuwa Buyenzi mjini Bujumbura, mtaa wa watu wa njia kama yeye, ambako nako amani ilivunjika mara kwa mara. Huko Buyenzi huitwa Waswahili. Waliokwenda Maskati huitwa Wazanzibari, hata wale ambao kwao ni Tabora, na hawakupata kuiona Unguja.